Sura ya Saba: Umeme Ukirudi

Siku ya mnada wa ng'ombe, wakala wa pesa za simu katika vijiji vya Ringwani huhudumia watu wengi kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Mzee aliyeuza dume lake hataki kulala na fedha taslimu ndani ya nyumba. Anaziweka kwenye simu, anamtumia ada mwanawe anayesoma Musoma, anabakiza za sukari na sabuni. "Mura, mbona meseji haijaingia?" anauliza. "Vumilia kidogo mzee, inakuja," anajibu kijana. Wakati mzee anavumilia, mashine iliyo mbali sana na mkoa wa Mara ina jambo moja la kutimiza kabla ya kuiachia meseji iondoke: kuandika kilichotokea, tena mahali ambapo umeme ukikatika hakitafutika.

Mashine hiyo inaweza kuwa mbali kuliko tunavyodhani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, na hadi 2015 seva zilizotunza miamala ya Wakenya zilikuwa Ujerumani. Lakini popote seva inapokaa, kazi yake ni ileile, na ugumu wake ni uleule. Kuandika kwa uhakika kunachukua muda. Ukiharakisha uandishi mchana, kuna gharama utakayoikuta mahali pengine, na mara nyingi utaikuta siku mashine inapozimika ghafla na kulazimika kujikusanya upya.

Katika miaka yangu ya kushughulika na kanzidata nimeona mafundi wakichanganya maswali mawili yanayofanana kwa juu juu. La kwanza ni hili: tukimwambia mteja kwamba muamala wake umekamilika, je, umekamilika kweli? La pili: tukianguka, tutachukua muda gani kusimama? Yote mawili yanaamuliwa katika mpangilio wa kitu kimoja kiitwacho logi, ndiyo maana yanachanganywa. Mimi naamini swali la pili ni la kupimwa kwa saa na kujadiliwa kwa bei, lakini la kwanza, pale penye pesa ya mtu au afya ya mtu, halina mjadala. Sura hii yote ni kueleza kwa nini.

Tuanze na logi yenyewe. Duka la rejareja lenye utaratibu huwa na vitabu viwili. Kuna daftari la kaunta, ambamo mauzo na madeni huandikwa mfululizo, mstari chini ya mstari, bila kutafuta jina la mtu. Na kuna leja, ambamo kila mteja ana ukurasa wake. Mchana wenye wateja hakuna anayefungua leja. Kila kitu kinaenda kwenye daftari. Jioni duka likitulia, mwenye duka huhamisha mistari kwenda kwenye leja, kisha hupiga mstari mwekundu kwenye daftari kuonyesha alipofika. Akiitwa ghafla katikati ya kazi, siku akirudi hasomi daftari zima. Anasoma kuanzia mstari mwekundu kwenda chini. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na wahandisi wa kanzidata wamejenga taaluma nzima juu ya jambo hilohilo.

Logi ndiyo daftari la kaunta. Leja ni kurasa za data. Katika PostgreSQL kila ukurasa una kilobaiti 8, katika InnoDB ya MySQL kilobaiti 16. Mabadiliko hufanyika kwanza kwenye nakala za kurasa hizo ndani ya RAM, ambayo umeme ukikatika husahau kila kitu. Mstari mwekundu huitwa chekipointi: ni tamko la kanzidata kwamba mabadiliko yote ya kabla ya hapa yameshafika kwenye kurasa zilizo diskini. Na kanuni kuu haina msamaha: ukurasa uliobadilishwa hauruhusiwi kutua diskini kabla mstari wake wa logi haujatua.

Kanuni hiyo ilikomaa katika maabara za IBM. Jim Gray na wenzake, waliounda mfumo wa majaribio uitwao System R katika miaka ya 1970, walieleza urejeshaji wake mwaka 1981. Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Mwaka 1992, C. Mohan na wenzake wanne walichapisha utaratibu wa ARIES, ambao hadi leo ndio msingi wa kanzidata nyingi kubwa. Kwa ARIES, mashine inayoamka baada ya kuanguka hupita logi mara tatu. Kwanza hupitia kutoka chekipointi ya mwisho ili kujua ni miamala gani ilikuwa hai na ni kurasa zipi zilikuwa hazijahifadhiwa. Kisha hurudia kila badiliko, hata la miamala ambayo haikukamilika, mpaka kanzidata ifanane kabisa na ilivyokuwa sekunde ile ya kuzimika. Ndipo hugeuka nyuma na kuitengua miamala iliyoishia njiani. Kurudia hata kile kitakachotenguliwa huonekana kama kazi ya bure, lakini ndiko kulikoufanya utaratibu wote uwe rahisi kuuamini: kwanza rudi mahali ulipokuwa, kisha amua.

Sasa gharama. Diski ya kuzunguka ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Mwandishi mmoja anayesubiri mstari wake utue ndipo aandike unaofuata atapata takriban miamala 120 kwa sekunde, hata prosesa iwe na nguvu namna gani, kwa sababu kila mara anasubiri sahani ikamilishe mzunguko ili apate nafasi yake. Diski za SSD zimepunguza subira hii sana, lakini hazijaiondoa. Dawa iliyopatikana tangu miaka ya 1980 ni kuikusanya miamala ya watu wengi na kuisukuma diskini kwa pamoja: wateja hamsini wakifika kwa wakati mmoja, wote hamsini husubiri msukumo mmoja. Hakuna anayedanganywa, hakuna anayepoteza, na kasi ya jumla hupanda mara nyingi. Huu ndio uharakishaji ambao sijawahi kuona sababu ya kuukataa.

Kuna mwingine ambao nina mashaka nao. MySQL ina kigezo chenye jina refu, innodb_flush_log_at_trx_commit, kinachopokea thamani tatu. Ukiweka 1, ambayo ndiyo hali inayokuja nayo, kila muamala unaothibitishwa husukumwa diskini kwanza. Ukiweka 2, mstari hukabidhiwa kwa mfumo endeshi na kusukumwa diskini takriban mara moja kwa sekunde. Programu ya kanzidata ikianguka peke yake hupotezi kitu, ila umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya sekunde nzima. Ukiweka 0, hata kuanguka kwa programu pekee kunatosha kuipoteza. PostgreSQL nayo ina synchronous_commit. Ukiizima, miamala iliyo hatarini ni ya muda usiozidi mara tatu ya milisekunde 200, yaani sehemu sita ya kumi ya sekunde kwa mipangilio ya kawaida. Katika hali hizi zote kanzidata yenyewe haiharibiki. Inaamka nzima, safi, ila haikumbuki kilichotokea mwishoni.

Sekunde moja husikika kama kitu kidogo. Turudi kwa wakala. Mteja ametoa laki mbili. Meseji imefika kwenye simu zote mbili, kijana amehesabu noti na kuzikabidhi, mteja ameondoka kwa bodaboda. Kule kwenye seva umeme unakatika, na sekunde ile haikuwahi kutua. Mashine ikiamka, salio la mteja liko kamili kama hakutoa kitu, na floti ya wakala haijaongezeka. Laki mbili zimetoka kwenye mtaji wa kijana, na ushahidi alionao ni meseji yenye namba ya muamala ambayo seva haiitambui. Hasara ya namna hii haionekani kwenye ripoti yoyote, maana kilichopotea ni maandishi yenyewe. Fundi aliyebadilisha 1 kuwa 2 ataonyesha grafu ya kasi iliyopanda, na grafu itakuwa ya kweli.

Sisemi vigezo hivyo havina mahali pake. Vipimo vya mvua vinavyotumwa kila dakika, hesabu za watu waliofungua ukurasa, upakiaji wa data ya zamani ambayo faili lake bado lipo na unaweza kulipakia tena: huko legeza bila hofu. Na PostgreSQL hukuruhusu kulegeza kwa muamala mmoja mmoja, hivyo ndani ya kanzidata ileile malipo yanasubiri diski na vipimo vya mvua havisubiri. Uwezo huo hutumiwa kidogo mno kuliko unavyostahili.

Kuona jinsi mambo haya yanavyokuwa katika mazingira ya vijijini, twende Mosoriot, kituo cha afya karibu na Eldoret nchini Kenya. Februari 2001, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana nchini Marekani waliwasha pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Muuguzi na tabibu walijaza fomu ya karatasi, karani akaingiza kwenye kompyuta. Kwa miezi sita ya kwanza waliingiza mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190. Kanzidata yao ilikuwa Microsoft Access, na wabunifu walijua umeme wa kijijini ulivyo, wakauwekea mfumo vyanzo vya akiba vya umeme. Hawakuwa na namna. Access haina logi ya kurudiwa. Umeme ukikatika faili likiwa katikati ya kuandikwa, unachobaki nacho ni kifaa cha kulikarabati na nakala ya mwisho uliyotunza. Ulinzi ambao kanzidata nyingine huupata kwenye logi, Mosoriot waliupata kwenye betri. Tanzania nayo ilitembea njia hiyo: CTC2, kanzidata iliyohudumia kliniki za tiba na matunzo ya VVU kwa miaka mingi, nayo ilijengwa kwa Access.

Mwaka 2004 kazi iliyoanzia Mosoriot na Eldoret ilizaa OpenMRS, mfumo huria ambao leo unatumika katika nchi nyingi, na kanzidata yake ikawa MySQL. Sifa za OpenMRS husimuliwa kwa upande wa fomu zake na kamusi yake ya dhana za kitabibu. Mimi naona hatua kubwa pia katika jambo lisiloonekana kwenye skrini: rekodi ya mgonjwa sasa ilikuwa na logi nyuma yake. Tangu hapo umeme ulipokatika wakati karani anabonyeza kuhifadhi, kulikuwa na majibu mawili tu, imeingia au haijaingia.

Sasa swali la pili, la muda wa kuamka. Hapa ndipo kuna hesabu za kuchezea.

Kadiri chekipointi zinavyokuwa mbalimbali, ndivyo seva inavyofanya kazi kwa wepesi mchana, kwa sababu ukurasa mmoja uliobadilishwa mara mia huhifadhiwa diskini mara moja tu. Lakini logi ya kurudiwa siku ya kuanguka huwa ndefu. PostgreSQL hufanya chekipointi kila dakika 5 usipoigusa, au mapema zaidi logi ikikaribia gigabaiti 1, chochote kitakachotangulia. Tuchukulie seva yenye shughuli nyingi inayozalisha megabaiti 20 za logi kwa sekunde, na wakati wa urejeshaji ina uwezo wa kurudia megabaiti 100 kwa sekunde. Fundi anaongeza ukomo wa ukubwa wa logi na kusogeza chekipointi hadi kila dakika 30. Wengi watadhani kwamba hali mbaya kabisa ni kurudia dakika 30 za logi. Si hivyo. PostgreSQL ya sasa huisambaza kazi ya chekipointi katika asilimia 90 ya muda uliopo hadi inayofuata, ili isiisonge diski kwa mkupuo. Na chekipointi isiyokamilika haihesabiki. Ukianguka dakika moja kabla haijakamilika, unaanzia ile ya nyuma yake. Dakika 30 na nyingine 27 ni 57, na logi ya dakika 57 kwa kasi hiyo ni takriban gigabaiti 68. Kuirudia ni zaidi ya dakika 11 za kanzidata kufungwa. Kwa chekipointi za kila dakika 5, hesabu hiyohiyo inatoa chini kidogo ya dakika 2.

Basi kwa nini tusiweke kila dakika moja? Kwa sababu kuna mtego. Ukurasa ukibadilishwa kwa mara ya kwanza baada ya chekipointi, PostgreSQL huandika ukurasa mzima, kilobaiti zote 8, ndani ya logi, hata kama kilichobadilika ni salio la mtu mmoja. Inafanya hivyo kwa kuhofia kwamba umeme unaweza kukatika ukurasa ukiwa umeandikwa nusu. Chekipointi zikiwa za karibu, kila ukurasa unakuwa wa mara ya kwanza tena na tena. Logi inavimba, diski inalemewa, na wateja wanaanza kusubiri mchana ili usiku mmoja wa mwaka mashine iamke haraka. Nimeona seva ambayo sehemu kubwa ya logi yake ilikuwa nakala hizo za kurasa nzima; kusogeza chekipointi kutoka dakika 5 hadi 15 kuliipunguza logi kwa kiasi ambacho muda wa urejeshaji haukuongezeka mara tatu kama mwenye mfumo alivyohofia.

InnoDB huja na sura nyingine ya jambo hilo. Ina logi yenye ukubwa maalumu inayojizunguka. Tangu toleo la 8.0.30 ukubwa wa awali ni megabaiti 100. Shughuli zikiwa nyingi na logi ikikaribia kujaa, waandishi wote husimamishwa hadi kurasa za zamani zisukumwe diskini, na watumiaji huona mfumo ukishtuka na kutulia, ukishtuka na kutulia. Mafundi wa Oracle na SQL Server wamerahisishiwa kidogo: wao hutaja sekunde wanazokubali za urejeshaji, na kanzidata hujipangia yenyewe kasi ya kusukuma kurasa. Katika SQL Server, kanzidata mpya tangu toleo la 2016 huja na shabaha ya sekunde 60. Naipenda namna hiyo ya kuuliza, kwa sababu sekunde za kusimama ni kitu ambacho mkurugenzi wa benki na mwenye duka wa Ringwani wote wanakielewa. Mei 2021, mfumo wa LUKU wa kununulia umeme ulipokwama kwa siku kadhaa, nchi nzima ilijifunza maana ya mfumo mmoja kusimama: mtu ana pesa mkononi, mita iko ukutani, na nyumba iko gizani.

Ukiyaweka haya pamoja utagundua kwamba Ringwani na kituo cha data cha Dar es Salaam havihitaji mpangilio mmoja, na tofauti yao si ile inayodhaniwa. Mtu husema: kijijini umeme hukatika mara kwa mara, basi weka chekipointi za karibu ili kompyuta ya zahanati iamke haraka. Hebu tupige hesabu. Zahanati inayoandikisha wagonjwa themanini kwa siku huzalisha megabaiti chache za logi tangu asubuhi hadi jioni. Hata usipofanya chekipointi kutwa nzima, kurudia logi hiyo ni suala la sekunde. Kompyuta yenyewe itatumia muda mrefu zaidi kuwaka. Muda wa kuamka si tatizo la kijijini. Dar es Salaam, kwa upande mwingine, logi ni ndefu, lakini mfumo mkubwa uliojengwa vizuri una seva ya pili inayopokea na kurudia logi muda wote, tayari kuchukua zamu. Hapo chekipointi zinaweza kukaa mbalimbali bila mtu kukosa usingizi. Wanaobanwa hasa na mjadala huu ni wa katikati: SACCOS, hospitali ya wilaya, mfumo wa halmashauri, penye seva moja yenye kazi nyingi na isiyo na pacha.

Tatizo la kijijini ni jingine, nalo ni kubwa zaidi: diski isiyosema kweli. Kanzidata huagiza mstari utue na kusubiri jibu. Diski nyingi za bei nafuu huwa na kumbukumbu ndogo ya kupokelea ndani yake, na zipo zinazojibu "imetua" wakati data bado iko humo, bila hifadhi yoyote ya umeme ya kuimalizia. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya seva huwa na kapasita zenye chaji ya kutosha kukamilisha uandishi. Ukiwa na diski ya aina ya kwanza, ule mpangilio wa 1 tulioutetea kwa nguvu unakuwa ahadi ya mtu asiyekuwepo. Na ubaya wake hujitokeza pale umeme unapokatika mara kwa mara, mahali ambapo bajeti ya vifaa pia ni ndogo.

Hata mfumo endeshi umewahi kukutwa na kasoro. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL walitambua kwamba kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika, kosa lingeweza kutajwa mara moja tu. Kanzidata ikiagiza tena, inaambiwa mambo sawa ilhali data haiko diskini. Matoleo ya Februari 2019 yalichukua uamuzi mkali: kosa la namna hiyo likitokea, kanzidata inajiangusha yenyewe kwa makusudi, kisha inaamka na kurudia logi. Baada ya zaidi ya miaka 20 ya programu hiyo kutumika duniani, waliona kuanguka na kusoma logi upya ni salama kuliko kuendelea na kazi juu ya jibu wasiloliamini.

Kwa zahanati ya Ringwani, basi, shilingi ya kwanza iende kwenye diski yenye kapasita, ya pili kwenye UPS, tena UPS iliyounganishwa na kompyuta kwa kebo yake ya USB na programu ya kuisikiliza. Mara nyingi kebo hiyo hubaki ndani ya boksi. Ikiunganishwa, betri ikifika kiwango fulani kompyuta hujizima kwa utaratibu, kanzidata hupata nafasi ya kupiga chekipointi ya mwisho, na ikiwashwa hakuna cha kurudia kabisa. Logi ibaki kwenye ukali wake wote. Chekipointi ziachwe kama zilivyokuja.

Kisha ifanyike jaribio kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Kompyuta ya pili, inayotumia betri yake, iandike kwenye kanzidata namba zinazofuatana, na kila inapojibiwa kwamba namba imehifadhiwa iiandike pia upande wake. Wakati namba zinamiminika, mtu achomoe waya ukutani. Sio kuzima kwa kitufe, kuchomoa. Awashe, ashike saa, alinganishe orodha mbili. Zahanati ikikuta namba zote zipo, sekunde za kuamka ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya mashine, ili siku umeme ukikatika kweli mhudumu ajue asubiri kiasi gani kabla ya kumpigia fundi. Ikikosekana hata namba moja ambayo kanzidata ilisema imeitunza, hakuna kigezo cha kurekebisha; diski irudishwe dukani.